Hiyo Chupa ya Kuongeza Damu Haijawahi Kukuuliza Swali



Juzi nimeingia inboksi nikakuta ujumbe wa jamaa anayeuza sirapu ya kuongeza damu. Wofa yenyewe ilikuwa tamu kushinda sirapu: elfu kumi na tano, video moja ya sekunde 45, na skripti wameshaniandikia. Kazi yangu ni kukaa mbele ya kamera nimeshika kichwa, niulize "wasichana, mbona tunachoka hivi?", ninywe kijiko kimoja, halafu kesho yake nionekane nikicheza jikoni kama simu iliyolala kwa chaji.

Mnajua vile mwisho wa mwezi hukaa. Elfu kumi na tano kwangu ni nyumba, tokeni za stima, na inabaki ya unga.

Nimekataa. Lakini kabla hamjanipigia makofi, ngojeni kwanza. Video kama hiyo nilishaifanya. Miaka miwili iliyopita, sirapu tofauti, muuzaji tofauti, shilingi elfu nane. Ilitazamwa mara 41,000. Na ilikaa kwa ukurasa wangu mpaka mwezi uliopita, kwa sababu nilikuwa naona aibu kueleza mbona naitoa na, kusema ukweli, ilikuwa bado inaniletea wafuasi.

Kwa hivyo hii si posti ya mtu msafi anayewakemea wengine. Ni deni.

Wacha nianze na vile nilivyoijua hiyo chupa.

Nilikuwa mwaka wa tatu kampasi. Nilikuwa nachoka, na si ule uchovu wa kukesha ukikimbizana na asaimenti. Hosteli yetu ilikuwa orofa ya tatu na nilikuwa napumzika mara mbili kwa ngazi, najifanya nasoma mesej. Moyo ulikuwa unadunda mpaka nausikia kwa masikio. Nikisimama haraka dunia inazunguka. Tena nilikuwa nimeanza kutafuna odowa, yale mawe laini wanauza sokoni, kila siku, mpaka rumi wangu akaniuliza kwa upole kama nina mimba. Sikuwa nayo.

Kila mtu alikuwa na jibu. Shangazi yangu alisema bitiruti. Mama wa nyumba ya pili alisema juisi nyekundu uchanganye na maziwa. Msee wa jim alisema ni kukosa mazoezi. Nikaenda zahanati moja, na aliyenihudumia hakuinua macho kutoka kwa simu yake. Akasema, "Ni stres hiyo. Punguza mambo ya mitihani." Kwani mitihani ni chumvi nipunguze?

Halafu nikaingia kemisti. Jamaa wa kemisti alinitazama usoni, akanivuta kope ya chini kwa kidole, akasema, "Dada, huna damu." Aki ya nani, karibu nilie. Mtu wa kwanza kuniamini. Akatoa mkebe mwekundu wenye picha ya mwanamke anatabasamu na tone kubwa la damu. Shilingi 1,200. Ningekuwa na elfu tatu ningempa elfu tatu.

Baada ya wiki mbili nilisikia vizuri. Sidanganyi, nilisikia vizuri. Nikarekodi kavideo ka kujitolea, muuzaji akaiona, akanitafuta, akanilipa nifanye nyingine iliyo safi zaidi. Ndiyo ile ya 41,000.

Kile sikuwaambia, kwa sababu hata mimi sikuwa nimekiona, ni kwamba ile chupa nilianza kuinywa siku moja baada ya hedhi kuisha. Mwili wangu ungepumua kidogo hizo wiki mbili hata ningekunywa maji ya mfereji. Mwezi ulipogeuka, uchovu ukarudi na ndugu zake wote. Nikanunua chupa ya pili. Nikanunua ya tatu.

Ya tatu haikuisha. Nilishuka matatu asubuhi moja nikienda darasani, na kitu nakumbuka ni kuona miguu ya watu ikiwa sawa na macho yangu. Mama mboga wa pale steji ndiye aliyenishikia mkoba na kunimwagia maji. Hospitalini wakapima damu: hemoglobini gramu 6.2.

Kama hizo namba hazikuambii kitu, kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni hiki: mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12, ana upungufu wa damu. Akiwa chini ya 8, huo ni upungufu mkali. Mimi nilikuwa 6.2 na nilikuwa napanda matatu, nafanya mitihani, natengeneza video za kuwaambia wengine vile nimepona.

Sasa hapa ndipo posti yenyewe inaanzia. Nesi aliyekuja, mama mmoja wa umri wa mamangu, akavuta kiti akakaa. Akauliza, "Msichana wangu, siku ya pili ya hedhi unatumia pedi ngapi?"

Nikamwambia kawaida tu. Kumi. Kumi na mbili kukiwa kubaya. Usiku naweka mbili kwa pamoja, halafu naweka alamu ya saa nane niamke nibadilishe.

Aliacha kuandika. "Tangu lini?"

"Tangu fomu wani."

Nilidhani ni kawaida. Mamangu hutoka hivyo. Shangazi wa bitiruti hutoka hivyo. Nyumbani kwetu hiyo ilikuwa tu "kuwa mwanamke". Wakanipiga picha ya tumbo wakakuta faibroidi, ule uvimbe unaomea kwenye tumbo la uzazi. Nikawekewa damu painti mbili, damu ya watu nisiowajua na sitawahi kuwashukuru.

Chupa tatu. Kemisti mmoja. Zahanati moja. Watu 41,000. Na swali lililohitajika lilikuwa moja: damu inaenda wapi?

Wacha tufanye hesabu, kwa sababu nilipotoka hospitali nilirudi kwa ile chupa nikasoma nyuma, pale kwenye maandishi ya saizi ya siafu. Kijiko kimoja cha mililita 5 kilikuwa na miligramu 5 za madini ya chuma. Unakunywa kijiko mara mbili kwa siku, hiyo ni miligramu 10. Chupa ya mililita 200 inaisha kwa siku 20. Kwa hivyo chupa nzima ilikuwa na miligramu 200.

Sasa linganisha. Ile tembe ambayo mama mjamzito hupewa kliniki hapa Kenya ina miligramu 60 za madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Tembe moja. Yaani chupa yangu ya 1,200 ilikuwa na madini ya tembe tatu na kakipande. Na mwili hauchukui yote unayomeza. Unachukua sehemu ndogo, nyingine inapita.

Upande wa kutoka je? Hedhi ya kawaida huwa kama mililita 30 hadi 40 za damu. Ikipita 80, madaktari huiita hedhi nzito. Damu yenye afya hubeba karibu nusu miligramu ya chuma kwa kila mililita. Kwa hivyo mwanamke anayepoteza 80 kila mwezi anamwaga kama miligramu 40 za chuma, na wengine wetu tunamwaga zaidi ya hapo. Nilikuwa najaza tanki kwa kijiko cha chai na mfereji wa chini uko wazi.

Nikataka kujua nani alikuwa wa kwanza kuwauzia wanawake uchovu wao kwa chupa. Nilidhani ni mambo ya TikTok. Kumbe ni ya zamani kuliko nyanya yangu.

Mwaka 1875, mji wa Lynn, Massachusetts, kule Marekani, mama mmoja anaitwa Lydia Pinkham alianza kuuza dawa ya mitishamba ya "magonjwa ya wanawake". Dawa yenyewe ilikuwa na pombe karibu asilimia 18. Divai nyingi haziwezi kufika hapo. Lakini kilichomuuza zaidi ni uso wake. Picha yake ilikuwa kwa kila tangazo, mama mpole kama nyanya yako, na chini wanakuambia umwandikie Bi. Pinkham barua, umweleze shida zako za siri, atakujibu mwenyewe. Wanawake wakaandika barua nyingi ajabu.

Bi. Pinkham alikufa mwaka 1883. Matangazo yakaendelea kuwaambia wanawake wamwandikie. Majibu yakaendelea kutoka, yakiandikwa na wafanyakazi ofisini. Mwaka 1905 jarida la Ladies' Home Journal likachapisha picha ya kaburi lake, ndiyo watu wajue walikuwa wanamwandikia marehemu.

Niliposoma hapo nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Ni nani anakujibu ukiandika "nikusaidieje mrembo" kwa ukurasa wa sirapu? "Daktari" gani huyo ana jina moja tu na picha ya kuteremsha kutoka intaneti?

Mwaka 1890, Kanada, mfanyabiashara anaitwa George Fulford alinunua haki za tembe fulani kutoka kwa daktari kwa dola 53 na senti moja. Akaziita Dr. Williams' Pink Pills for Pale People, yaani tembe za waridi za watu waliopauka. Akaziuza mpaka ng'ambo akawa tajiri mkubwa na seneta. Matangazo yake yalidai zinaponya mpaka watu waliopooza. Na unajua ni nini kilikuwa ndani? Madaktari wa Uingereza walizichunguza, na mwaka 1909 wakachapisha majibu: chumvi ya madini ya chuma, kitu kilekile madaktari walikuwa wanawapa wasichana waliopungukiwa damu tangu Mfaransa Pierre Blaud alipoeleza tembe zake mwaka 1832.

Hapo ndipo mambo yanakuwa magumu, na nataka muelewe, kwa sababu watu watakuja kuniambia "lakini mimi ilinisaidia". Inawezekana ilikusaidia. Ndani kulikuwa na chuma. Msichana aliyepungukiwa na chuma akipata chuma anapata nafuu, hata ukikiweka kwa biskuti. Uongo mtupu ungeshakufa. Hii biashara imeishi zaidi ya miaka 100 kwa sababu ina nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo huwekwa kwa tangazo. Nusu ya pili, kwamba huenda unavuja, au una minyoo, au malaria ya kila mara, au vidonda vya tumbo, au selimundu, au tezi ya shingo haifanyi kazi, hiyo haiuzi.

Ya tatu nimalizie. Marekani tena, miaka ya 1950 kuendelea, kulikuwa na toniki maarufu inaitwa Geritol. Ilikuwa na chuma, vitamini za B na pombe asilimia 12 hivi. Televisheni iliwaambia watu kwamba kama wamechoka, basi "damu yao imechoka". Tume ya Biashara ya serikali yao ikawafuata, na mwaka 1965 ikatoa amri ambayo ningependa tuibandike kwa kila matatu ya hapa Nairobi: ukitangaza toniki yako kwamba inaondoa uchovu, lazima useme palepale kwamba watu wengi waliochoka hawajachoka kwa sababu ya kukosa chuma, na kwamba kwa hao wengi toniki yako haitafanya kitu. Kampuni ikaenda rufaa. Mwaka 1967 mahakama ya rufaa ikasimama na tume kwa sehemu kubwa.

Fikiria tangazo la sirapu hapa kwetu likilazimishwa kusema hivyo. "Wasichana, mbona tunachoka hivi? Kwa wengi wenu, si kwa sababu ya kitu kilicho ndani ya chupa hii." Nani atanilipa elfu kumi na tano niseme hivyo?

Sasa najua mtaniambia nini. "Wewe unaongea ni kama hospitali ni duka la pembeni. Foleni je? Pesa je? Na wakikudharau je?"

Na hapo mko sawa kabisa. Mimi mwenyewe nilienda na nikaambiwa ni stres. Jamaa wa kemisti alinishinda kwa kitu kimoja tu: alinitazama. Hata Bi. Pinkham alishinda hivyo. Wakati wake madaktari wengi hawakutaka kusikia mambo ya hedhi, na wengine walikimbilia kupasua. Yeye alikuja na lugha ya kawaida, na vijitabu vya kuwaeleza wanawake mwili wao. Pombe yake ilikuwa pombe, lakini sikio lake, akiwa hai, lilikuwa sikio.

Kwa hivyo wahudumu wa afya mnaosoma hii, na najua mpo, chupa nyekundu inawashinda kwa dakika mbili za heshima. Msichana wa miaka 20 akikuambia amechoka, usianze na stres. Uliza pedi ngapi. Uliza kama anatafuna mawe au barafu, kwa sababu hiyo hamu ya vitu visivyoliwa huja sana na upungufu wa chuma. Mpime damu halafu ndiyo uzungumzie mitihani.

Na sisi wenyewe tuambiane ukweli. Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa pedi mwaka 2004, kati ya nchi za kwanza kabisa duniani kufanya hivyo. Mwaka 2017 sheria ikasema serikali iwape wasichana wa shule pedi bure. Tumepiga kelele kuhusu pedi miaka 20, na nashukuru. Lakini tunazungumzia bei ya pedi na hatujawahi kuzungumzia idadi. Hakuna mtu aliniambia fomu wani kwamba kuna idadi ambayo ni nyingi mno. Niliambiwa tu nisichafue sketi.

Basi wacha niwaambie vile mimi niliambiwa, ingawa nimechelewa. Kama unabadilisha pedi iliyojaa kila saa moja au mbili. Kama hedhi inapita siku saba. Kama unaona mabonge makubwa kuliko sarafu. Kama unaamka usiku kubadilisha. Kama unavaa nguo nyeusi kila mwezi kwa mpango. Hiyo si "kuwa mwanamke". Hiyo ni sababu ya kwenda kuonana na mtu aliyesomea.

Ukifika, sema hivi, usizunguke: "Hedhi yangu ni nzito na nimechoka. Nataka kupimwa kiwango cha damu." Mwambie idadi ya pedi hata asipokuuliza. Kipimo cha hemoglobini ni tone la damu tu, na vituo vingi hata vidogo hukifanya. Ukipata iko chini, swali la pili liwe "kwa nini?", si "ninunue gani?".

Chakula nacho? Kula, tafadhali. Maini, nyama, omena, ndengu, maharagwe, terere, managu. Hao nyanya zetu hawakuwa wajinga. Tia limau au kula chungwa pembeni, vitamini C husaidia mwili kuvuta chuma. Na ile chai ya maziwa tunashushia ugali nayo, isogeze mbele saa moja au mbili, kwa sababu majani ya chai huzuia chuma kuingia. Bitiruti ni tamu na mimi naipenda, lakini gramu 100 zake hazina hata miligramu moja ya chuma. Wekundu wake ni rangi ya mmea, haina undugu na damu. Na mwanamke wa umri wetu anahitaji kama miligramu 18 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya mwanaume. Ukishafika 6.2, hakuna sahani ya managu itakuokoa peke yake.

Ukipewa tembe, zimalize. Choo kitakuwa cheusi, usipige kelele, ni kawaida. Tumbo linaweza kufunga au kusumbua, rudi uwaambie, wanaweza kubadilisha vile unavyozimeza. Mimi nilizimeza miezi, hata baada ya namba kupanda, kwa sababu mwili hujaza kwanza damu halafu ghala. Na usimeze chuma kwa kubahatisha. Kuna watu kama wa selimundu ambao damu iko chini lakini chuma si kitu wanachokosa, na kikizidi kinawaumiza. Halafu kama kuna mtoto nyumbani, weka sirapu au tembe juu kabisa, kwa sababu chuma kingi kwa mtoto mdogo ni sumu ya kuua. Chupa tamu nyekundu kwa mtoto wa miaka miwili ni soda tu.

Kwa waundaji maudhui wenzangu: najua njaa ya hii kazi. Sitawaambia mkatae pesa zote. Lakini yule jamaa wa elfu kumi na tano nilimuuliza maswali matatu kabla ya kukataa, na nawapa muyatumie bure.

Moja, kijiko kimoja kina miligramu ngapi za madini ya chuma, na dawa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu?

Mbili, ni nani hapaswi kuinywa?

Tatu, mtu akimaliza chupa na bado amechoka, mnamwambia afanye nini?

La kwanza alinitumia picha ya mkebe, upande wa mbele. La pili akasema ni ya asili, kila mtu anakunywa. La tatu akajibu haraka sana. Akaandika, "Anunue ya pili, inafanya kazi vizuri kuanzia chupa tatu."

Chupa tatu. Niliangalia hiyo simu kwa muda.

Kwa sababu mwezi uliopita, kile kilichonifanya hatimaye niitoe ile video ni ujumbe wa msichana simjui, yuko mwaka wa kwanza chuo kimoja huko magharibi. Aliandika kwa adabu sana, hakuwa ananilaumu. "Sasa dada, niko kwa chupa ya tatu ya ile dawa yako. Wewe ilikuchukua ngapi ndio upone?"

Dawa yako. Alisema yako, na alikuwa sawa.

Nilimwandikia ukweli wote, ule wa steji na mama mboga na 6.2. Halafu nikamuuliza swali la nesi. Alikaa muda "anaandika, anaandika", halafu ikaacha, halafu akaanza tena. Akajibu: "Si hiyo ni kawaida?"

Ameenda kupima. Ni 7.9. Hajapata picha ya tumbo bado, amepewa tarehe, na pesa ya nauli tulisaidiana. Sijui watakuta nini. Elfu nane zangu zilishaisha miaka miwili iliyopita, sikumbuki hata nilinunua nini. Yeye alitumia 3,600 kwa zile chupa, na alikuwa amekopa.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii ukiwa umechoka, si mimi daktari, na sasa hivi sina kitu cha kukuuzia. Nina swali tu, na ulijibu kwa namba, si kwa "kawaida".

Siku ya pili, unatumia pedi ngapi?